Panga mimea ya ndani kwa kufuata maisha ya nyumba yako

Wateja wangu wengi hunionyesha picha ya sebule waliyoiona kwenye simu na kusema wanataka hivyo hivyo. Mimi huomba kwanza nione wanakokaa jioni. Nyumba ya Dar ina joto lake, ina wageni wake na ina uani wake, na mawazo mazuri ya kupamba yamo humo humo. Hivi ndivyo ninavyoyatafuta, kwa wateja na nyumbani kwangu.

Hatua ya 1: Pima mwanga

Usinunue ua lolote kabla ya hatua hii. Weka karatasi nyeupe mahali unapotaka mmea ukae, kisha nyoosha kiganja juu yake, kama futi moja hivi. Vidole vikitoa kivuli chenye kingo kali, mwanga ni mwingi. Kivuli kikiwa hafifu lakini bado unautambua mkono, ni wa wastani. Kisipoonekana kabisa, mmea hautakaa hapo kwa raha. Rudia asubuhi, saa saba mchana na saa kumi.

Angalia na majira pia. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi Juni jua la mchana hupita kaskazini mwa nyumba, na Desemba huhamia kusini. Mmea uliostawi dirisha la kusini mwezi Julai unaweza kuungua majani Desemba, na watu wakadhani ni maji.

Hatua ya 2: Andika nani anakaa wapi

Baba anasoma wapi, watoto wanachezea wapi, mlango upi unapigwa na upepo wa kusi. Mani planti na difenbakia (ua la majani mapana yenye madoa) zikitafunwa huwasha mdomo na koo, hivyo kwenye nyumba yenye mtoto anayetambaa ziwe juu kabisa.

Hatua ya 3: Tembea mjini ukitazama

Nenda Bustani ya Mimea, jirani na Makumbusho ya Taifa, iliyoanzishwa 1893. Tazama jinsi majani mapana yanavyokaa na membamba, na kivuli kinaangukia wapi. Kisha tazama nyua za mitaani: mrehani, mchaichai na shubiri kwenye makopo ya rangi, vyote karibu na mlango wa jiko kwa sababu ndipo vinapotumika. Kwangu mimi huo ni upambaji kamili. Zamioculcas, ua la majani mazito yanayong'aa linalouzwa ghali madukani, asili yake ni Afrika Mashariki. Viazi vyake vinahifadhi maji, ndiyo maana inamvumilia mtu anayesafiri.

Hatua ya 4: Chombo kitoke ndani

Hapa ndipo nyumba inapopata sura yake. Kwangu mbuzi ya nazi ya zamani imekuwa kiti cha mmea: chungu kimekaa kwenye kibao, na mani planti inateremka kando ya ulimi wa chuma hadi sakafuni. Kila mgeni mtu mzima huishika na kuanza kunisimulia jikoni kwao. Tumia kinu kilichopasuka, sufuria ya bibi, kikapu cha ukili. Chombo kisicho na tundu usipande ndani yake; tumbukiza humo kopo la plastiki lenye matundu. Kikapu kiwekee sahani, la sivyo masika yatakiozesha kitako.

Sahani hiyo imwage maji kila baada ya kumwagilia. Mbu anayeeneza dengi hutaga kwenye maji machache kama hayo, na jiji hili liliugua dengi 2014 na tena 2019.

Hatua ya 5: Udongo

Changanya udongo mweusi, mboji na makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa. Makumbi yaloweke na kuyasuuza kwanza, yanaweza kuwa na chumvi. Mchanga wa ufukweni usiuguse.

Hatua ya 6: Panga, kisha ishi nayo

Mrefu nyuma, wa majani mapana katikati, unaoning'inia pembeni. Kaa hivyo wiki nzima bila kununua kingine. Jani linalomgusa mtu begani akikaa, lisogeze. Chungu kinachozuia kufungua dirisha, kiondoe. Halafu piga picha jioni, taa zimewashwa na watu wamekaa, uone ni kona gani bado inadai kitu.