Jinsi ya Kukadiria Sauti ya Hedifoni Zilizo Wazi Nyuma
Kabla hedifoni za studio ulizoagiza hazijafika Lubumbashi, tazama ukinzani wake, yaani kiasi zinavyopinga umeme, unaopimwa kwa omu: Sennheiser HD 600, kwa mfano, zina omu 300, na simu nyingi haziwezi kuziendesha ipasavyo bila amplifaya. Kwa kuwa vikombe vyake viko wazi nyuma, tarajia sauti pana yenye nafasi, lakini besi ya chini kabisa isiyo nzito, jambo ambalo aliyezoea hedifoni zilizofungwa hulidhania kuwa kasoro. Kelele za jenereta ya jirani zitapenya, basi tenga saa tulivu. Chagua rumba unayoijua barabara, uisikilize sasa kwa hedifoni zako za zamani hadi sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea dansi, ukiandika ni wapi gitaa la mi-solo, lililo kati ya gitaa la solo na lile la kuunga, linamezwa na besi. Hapo ndipo utakapolinganisha kwanza.