SOMO: Kusoma "billion" na "milliard" kwenye vitabu vya zamani vya Uingereza

Wakuu, naandika mara moja, nikiulizwa tena nabandika linki tu.

1. Tazama mwaka na nchi kilikochapwa.

2. Cha Marekani? Bilioni ni sifuri 9. Endelea kusoma.

3. "Milliard" ni milioni elfu moja, sifuri 9. Haina utata.

4. Cha Uingereza, hasa kabla ya 1974: hapa ndipo watu wanapoumia. Bilioni ya zamani ni milioni mara milioni, sifuri 12. Trilioni ni sifuri 18, maana kila hatua inaongeza sifuri 6, si 3. Desemba 1974 Waziri Mkuu Harold Wilson alilieleza Bunge kuwa serikali inatumia bilioni ya sifuri 9. Angalizo: hiyo ni serikali. Waandishi hawakugeuka siku moja, kwa hiyo mwaka peke yake hautoshi, pima hesabu yenyewe. Mfano, kitabu kikisema nyota ya Alpha Centauri iko maili bilioni 25 kutoka hapa, gawanya kwa 186,000, mwendo wa nuru kwa sekunde. Kwa sifuri 9 unapata kama saa 37. Nuru ya huko hutembea zaidi ya miaka minne kutufikia. Basi ni sifuri 12.

5. Andika tarakimu pembeni kwa penseli.

MASWALI

— Mkuu, kwa hiyo bilioni ina sifuri ngapi?

— Hatua ya 2 na ya 4.

— Nimesoma, nataka jibu moja.

— Lingekuwepo moja nisingeandika somo.

— Ndugu, niko Lubumbashi, huku tunasema miliari. Ndiyo hiyo?

— Ndiyo hiyo, mmeipata kwenye Kifaransa. Swali zuri. Mfaransa Nicolas Chuquet alipanga majina haya kwa makundi ya sifuri sita mwaka 1484. Baadaye Wafaransa wakahamia tatu tatu, Wamarekani wakashika hizo, halafu 1961 Ufaransa ikarudi rasmi kwenye sita. Ukitafsiri bajeti ya Kinshasa, "milliard" yao ni bilioni ya Dar, na "billion" yao ni trilioni yetu. Usiibebe ilivyo.

— Na "crore" kwenye vitabu vya Waingereza wa India?

— Laki 100, yaani milioni 10. Koma zao nazo zinakaa hivi: 1,00,00,000. Hesabu sifuri, achana na koma.