Umebaki Nairobi Pasaka hii? Namna ya kuzishika siku kuu

Wiki ya Pasaka nauli za kwenda ushago hupanda na stendi ya Machakos hufurika watu na magunia. Wewe uliyebaki, ama kwa sababu ya nauli ama kwa sababu bosi hakukuruhusu, mwongozo huu ni wako. Mimi ni katekista wa Kanisa Katoliki huku Eastlands. Nafundisha watu wazima wanaojiandaa kubatizwa, na kila mwaka huniuliza: Mwalimu, ibada zote hizi, kama siwezi kuhudhuria zote niende ipi?

Nenda Mkesha wa Pasaka, ibada ya Jumamosi usiku ya kumshangilia Kristo mfufuka. Najua wengi watakwambia Ijumaa Kuu, na kweli Ijumaa ndiyo kanisa hujaa hadi watu wanasimama nje. Kumlilia mtu aliyeuawa bila kosa ni rahisi. Lakini Warumi walisulubisha watu wengi, na hakuna anayekusanyika kwa ajili ya wale wengine. Paulo aliwaambia Wakorintho bila kuzungusha: kama Kristo hakufufuka, imani yenu ni bure. Kwa hiyo ukilia Ijumaa, kisha Jumamosi usiku ukalala mbele ya televisheni, umeondoka kabla ya habari yenyewe kutangazwa.

Anza na kalenda. Pasaka huwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi, kwa hesabu ya Kanisa. Mwaka 2026 ni tarehe 5 Aprili. 2027 ni 28 Machi. Waorthodoksi, wenye seminari yao pale Riruta, hufuata hesabu ya zamani, na 2026 wanaadhimisha tarehe 12 Aprili. Ukiwa na jirani wa Kiorthodoksi usimwambie amechelewa. Kumbuka pia kwamba Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka ni sikukuu za taifa, ila Jumamosi iliyo katikati si sikukuu. Kama unafanya kazi ya zamu, omba ruhusa ya usiku ule mapema, kabla wenzako hawajaiomba.

Alhamisi Kuu jioni padri huosha miguu ya waumini, kama Yesu alivyowaosha wanafunzi wake. Kengele hupigwa wakati wa wimbo wa Utukufu, kisha hunyamaza hadi Mkesha. Baada ya misa, altare huvuliwa vitambaa vyote. Usikimbilie matatu. Kaa kidogo mbele ya Ekaristi, yaani mkate uliowekwa wakfu, iliyohamishwa kutoka altare kuu, hata robo saa.

Ijumaa hakuna misa popote duniani, kwa hiyo usiulize ni saa ngapi. Kuna ibada ya mateso, kwa kawaida saa tisa alasiri, na asubuhi parokia nyingi huku kwetu hufanya Njia ya Msalaba barabarani, maandamano yanayosimama kituo kwa kituo kukumbuka mateso ya Yesu. Vaa viatu vya kutembea na ubebe mwavuli, maana mara nyingi masika huwa yameanza. Ukiweza, omba kubeba msalaba hata kwa kituo kimoja. Ule wa mbao ngumu ukikugusa bega, na makanga wamezima muziki wakingoja mpite, unaacha kuusikiliza mkasa kama wa mtu mwingine. Mfungo wa siku hiyo: wenye miaka 18 hadi 59 wanakula mlo mmoja kamili na miwili midogo isiyofikia mlo huo, na nyama hailiwi kuanzia miaka 14. Mgonjwa na mama mwenye mimba wasijitese.

Jumamosi mchana ndiyo siku ngumu, maana haina kitu. Ni kama boma siku moja baada ya mazishi, hema limekunjwa, viti vya kukodi vimerudishwa, na waliobaki hawajui waseme nini. Usiijaze kwa ununuzi wa Gikomba kuanzia asubuhi hadi jioni. Walaze watoto mchana ili usiku wakeshe.

Sasa Mkesha. Ibada hii hairuhusiwi kuanza kabla giza halijaingia. Hapa Nairobi jua huzama kama saa kumi na mbili na nusu, basi wanaoanza saa moja na nusu au saa mbili wako sawa. Fika mapema usimame nje, karibu na moto, kwa sababu hapo ndipo kila kitu huanza. Padri huubariki moto na kuchora mwaka kwenye mshumaa mkubwa wa Pasaka, pamoja na herufi za Alfa na Omega. Mshumaa huo huingia katika kanisa lenye giza, na kutoka kwake mnawashiana mishumaa midogo, mtu kwa jirani yake. Toboa kikombe cha karatasi upitishe mshumaa wako, nta isikuchome. Na tafadhali simu yako izime taa.

Masomo ni mengi, hadi saba ya Agano la Kale. Parokia zinaweza kuyapunguza, lakini lile la kuvuka Bahari ya Shamu halirukwi kamwe. Wasimulie watoto kisa hicho nyumbani mapema, wasije wakasinzia pale pale Waisraeli wanapokanyaga nchi kavu. Kisha Utukufu huimbwa, kengele hurudi, taa huwashwa. Mimi hungojea zaidi Waraka kwa Warumi sura ya 6: tulizikwa pamoja na Kristo kwa ubatizo, ili sisi nasi tuenende katika upya wa uzima. Dakika chache baadaye wanafunzi wangu wanainamisha vichwa kwenye maji. Wewe uliyebatizwa utotoni utaulizwa maswali yale yale ya ahadi. Yasome kabla, ujue unamkataa nani na unamkiri nani, badala ya kuitikia tu kwa sababu umati umeitikia.

Ibada inaweza kwisha saa nne au saa tano. Panga usafiri na wenzako wa jumuiya, kile kikundi cha waumini majirani kinachosali nyumbani kwa zamu, mrudi pamoja. Usitembee peke yako kwa sababu tu umejawa na furaha.

Jumapili kuleni. Pilau, chapati, kuku, chochote mfuko unachoruhusu. Jioni someni Luka sura ya 24 pamoja. Someni pale wanawake wanapoleta habari za kaburi tupu na mitume kuziona kama upuuzi. Someni pia safari ya wawili wa Emau, ambao hawakumtambua Yesu hadi alipoumega mkate. Luka anasema ilikuwa stadia 60, yaani kilomita 11 hivi, kama kutoka katikati ya jiji kuelekea Roysambu kwa miguu. Jumatatu mkiwa na nguvu, tembeeni kipande mkizungumza habari hiyo. Msitu wa Karura unafaa.

Halafu msiifunge Pasaka Jumanne. Ni siku 50, hadi Pentekoste. Mwaka 2026 itaangukia tarehe 24 Mei. Katika muda huo tafuta mmoja wa waliobatizwa usiku ule, hata kama humfahamu, umwalike kwenye jumuiya yenu. Wengi wao hawana jamaa jijini, na hawajui jumuiya hukutana nyumba gani.