Kadiria uzito wa rundo la mbao kabla ya kuita gari

Ukinunua mbao za paini Mafinga, usipime rundo zima kwa futi ukadhani umepata ujazo wake, kwa sababu kati ya safu na safu huwekwa vijiti vya kupitisha hewa, na nafasi hizo hazina uzito wowote. Hesabu mbao zenyewe. Ubao wa inchi 2 kwa 4 wenye urefu wa futi 12, ikiwa umepasuliwa kwa vipimo kamili, una takribani mita za ujazo 0.019, hivyo mbao 100 hukaribia mita za ujazo 1.9. Zikiwa zimekauka vizuri, kwa makadirio ya kilo 500 kwa kila mita ya ujazo, mzigo huo utakuwa kama kilo 950. Lakini zikiwa zimetoka mashineni asubuhi hiyo, bado zinalowesha kiganja na kunuka utomvu, unaweza kufika kilo 1,700, na gari lililotosha mbao kavu likazidiwa njiani.

Njia ninayoiamini zaidi ni mizani. Chomoa mbao tatu, moja ya juu, moja ya katikati na moja ya chini, uzipime, utafute wastani, kisha uzidishe kwa idadi ya mbao zote. Usiiache ile ya katikati hata kama kuichomoa kunachosha, kwa kuwa jua hukausha za juu mapema, na ukizipima hizo pekee utapata uzito mdogo kuliko ulio wa kweli. Rundo likinyeshewa, pima upya.