Kufunga tabo kubwa kwenye injini ya rota: mwongozo kwa wenye magari wa Kampala

Injini ya Mazda ya 13B ina rota mbili tu, vyuma vya pembe tatu vinavyozunguka mahali pa pistoni, kila moja ikiwa na ujazo wa sentimita za ujazo 654, na jumla yake ya 1,308 humfanya mtu asiyeijua aidhani kuwa injini ndogo. Lakini kila rota hutoa mlipuko mmoja kwa kila mzunguko wa shafti, ilhali silinda ya injini ya kawaida huhitaji mizunguko miwili ili itoe mlipuko mmoja, na kwa hiyo injini hii huvuta hewa nyingi kama injini ya pistoni ya lita 2.6. Isitoshe, tundu lake la ekzosi halina valvu: ncha ya rota inapolipita, moshi hutoka kwa kishindo, ukiwa na joto kali na kasi kubwa. Kwa sababu hizo mbili, injini ya rota huizungusha turbochaja kubwa, pampu ya hewa inayoendeshwa na moshi wa ekzosi, ambayo gereji tunaiita tabo, kwa urahisi ambao injini nyingine za ujazo huo haziwezi. Joto hilohilo na kishindo hichohicho ndivyo pia huiua injini hii haraka mwenye gari anapoanza kazi kwa kununua tabo.

Ninaandika hasa kuhusu gari la Mazda RX-7 la kizazi cha tatu, lenye injini hii, iliyotengenezwa kuanzia mwishoni mwa 1991 hadi 2002, ambayo ilitoka kiwandani na tabo mbili ndogo zinazopokezana. Tangu sheria ya mwaka 2018 ilipozuia kuingiza Uganda magari yaliyozidi miaka 15 tangu yatengenezwe, gari hili ni la kutunzwa, kwa kuwa mengine hayaji. RX-8, gari la rota lililoifuata, siizungumzii hapa. Matundu yake ya ekzosi yako ubavuni mwa injini na mgandamizo wake ni mkubwa zaidi, na kwa maoni yangu haifai kwa tabo kubwa.

Kazi ya kwanza ni kupima mgandamizo, na ipimwe kwa geji ya injini za rota. Kila rota ina vyumba vitatu, na geji ya kawaida huonyesha tu kile chenye nguvu kuliko vingine, hivyo chumba kibovu hujificha nyuma ya kizima. Kitabu cha matengenezo cha kiwandani kinataka kila chumba kifikie angalau kilo 6.0 kwa sentimita ya mraba shafti ikizunguka mara 250 kwa dakika, na tofauti kati ya vyumba isizidi 1.5. Kumbuka kwamba kipimo hicho ni cha usawa wa bahari. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na hewa yake ina mgandamizo wa takriban asilimia 87 ya ule wa Mombasa, kwa hiyo injini nzima kabisa itasoma chini kidogo hapa. Usiihukumu kabla ya kulifikiria hilo. Hata hivyo, ukiona vyumba viwili vinasoma vizuri na cha tatu kinazembea, hakuna hoja ya mwinuko itakayoiokoa. Injini hiyo ifunguliwe na itiwe sili mpya kabla ya jambo lingine lolote.

Sili ninazozitaja ni zile za ncha za rota, tatu kwa kila rota, zenye unene wa milimita 2 tu. Niliwahi kufungua ekzosi ya gari langu mwenyewe baada ya injini kupoteza nguvu ghafla nikipanda mlima, na nilichokikuta sijakisahau. Mapezi ya tabini, gurudumu la tabo linalozungushwa na moshi, yalikuwa yamemegeka kingo pande zote, kana kwamba yametafunwa na panya, na ndani ya bomba kulikuwa na kipande cha chuma chenye urefu wa ukucha, cheusi, chenye ncha kali upande mmoja. Kilikuwa kipande cha sili. Petroli ilikuwa imelipuka kabla ya wakati wake mara moja au mbili tu, sili ikavunjika, ikatoka na moshi na kuiharibu tabo njiani. Pistoni huweza kuvumilia kugonga kwa muda fulani, lakini sili ya rota haivumilii, na kila uamuzi unaofuata katika mwongozo huu umefanywa kwa kulikumbuka hilo.

Baada ya kuijua hali ya injini, amua unataka nguvu kiasi gani, kisha fanya hesabu kabla ya kutoa hela. Kwa petroli ya pampu ninapendekeza lengo la nguvu za farasi 400. Injini ya rota ina kiu: yenye tabo hutumia takriban gramu 270 za petroli kwa kila farasi mmoja kwa saa, hivyo farasi 400 watahitaji kilo 108 kwa saa, ambazo ni karibu lita 146, yaani sentimita za ujazo 2,430 kwa dakika. Nozeli za kiwandani, zinazonyunyizia petroli, ni mbili za 550 na mbili za 850, jumla 2,800. Utadhani zinatosha, lakini nozeli haipaswi kufanya kazi kupita asilimia 80 ya uwezo wake, kwa hiyo unahitaji jumla isiyopungua 3,040. Za kiwandani hazitoshi hata kwa lengo hili la wastani. Funga mbili za 1,000 na mbili za 2,000 na utakuwa na akiba kubwa, kisha weka pampu ya petroli inayoweza kutoa kiasi hicho hata shinikizo linapopanda, kwa sababu regyuleta itapandisha shinikizo la petroli sawasawa na msukumo wa tabo, yaani mgandamizo ambao tabo huongeza juu ya hewa ya kawaida.

Sasa ndipo hewa. Injini hii ikiwa kazini huhitaji sehemu 11 za hewa kwa sehemu moja ya petroli kwa uzito, mchanganyiko mzito unaosaidia kupoza chumba cha mlipuko. Kilo 108 mara 11 ni karibu kilo 1,190 za hewa kwa saa, au kilo 20 kwa dakika, ambazo wauza tabo huziandika kama pauni 44. Ili 13B ipitishe hewa hiyo kwenye mizunguko 8,000, mgandamizo ndani ya manifoldi ya hewa, mabomba yanayogawia rota hewa, uwe karibu bar 1.8 kamili, ukihesabu na ule wa hewa ya kawaida. Mombasa, ambako hewa yenyewe ina bar 1.01, kompresa, upande wa tabo unaosukuma hewa, itazidisha mgandamizo mara 1.78. Kampala tunaanza na 0.88, kwa hiyo kompresa ileile itauzidisha mara 2.05, ikizunguka kwa kasi zaidi na kuitia hewa joto zaidi. Ukienda Kabale, karibu mita 2,000 juu ya bahari, utaidai zaidi ya hapo. Basi unaposoma ramani ya kompresa, mchoro wa mtengenezaji unaoonyesha uwezo wake, tafuta mahali pauni 44 zinapokutana na 2.05, na uhakikishe kwamba nukta hiyo iko katikati ya ramani, mbali na mstari wa kushoto ambako hewa hurudi nyuma na kutikisa mapezi, na mbali na ukingo wa kulia ambako kompresa imeshiba. Tabo yenye gurudumu la kompresa lenye mdomo wa karibu milimita 62 huangukia hapo vizuri. Upande wa tabini chagua nyumba kubwa, yenye A/R (kipimo cha ukubwa wa njia ya moshi) ya karibu 1.0 na njia mbili zilizotenganishwa, kwa sababu nyumba ndogo huuzuia moshi usitoke na joto hubaki kwenye injini.

Manifoldi ya ekzosi nayo iziweke mbali njia za matundu mawili ya ekzosi mpaka kwenye mdomo wa tabini, ili mapigo ya rota moja yasiingilie ya nyingine. Ijengwe kwa bomba nene, na tabo ibebwe na mshikizo wake yenyewe uliofungwa kwenye injini, maana chuma kilichokwiva kikibeba uzito huo peke yake hupasuka kwenye maungio. Usifanye ubahili kwenye westigeti, valvu inayoupitisha moshi pembeni ya tabini ili msukumo usizidi. Injini ya rota hutoa moshi mwingi, na westigeti ndogo ikishindwa kuupitisha, msukumo hupanda wenyewe hata ukiwa umeweka springi laini. Weka moja ya milimita 60, au mbili za 44, zikivuta kutoka njia zote mbili, na bomba lake liondoke kwa mwelekeo uleule ambao moshi unaufuata badala ya kukata kona. Kwenye injini hii manifoldi ya hewa na ya ekzosi ziko upande mmoja, moja juu ya nyingine, kwa hiyo kinga ya joto kati yake ni ya lazima.

Njia za oili za tabo zinahitaji mkono msafi. Gereji moja niliyoiamini ilinifungia bomba la kuingiza oili kwa kupaka gundi ya gasketi kwenye nyuzi za nati. Gundi ikasukumwa ndani, ikaziba kijitundu chembamba kuliko njiti ya kiberiti, na beringi zikafa kabla sijamaliza kilomita 40. Usitumie gundi yoyote upande wa kuingiza. Upande wa kutoa, oili hushuka kwa uzito wake yenyewe, ikiwa imejaa povu, kwa hiyo bomba liwe pana, lenye kipenyo cha ndani kisichopungua milimita 14, literemke moja kwa moja bila kupinda wala kupanda, na liingie kwenye injini juu ya usawa wa oili. Moshi wa buluu kutoka kwa tabo mpya mara nyingi ni kosa la bomba hili.

Vumbi la marumu litamaliza mapezi ya kompresa ndani ya miezi michache ukiweka kichujio cha wazi cha mapambo. Weka kichujio kikubwa ndani ya sanduku linalovuta hewa ya nje, na ukisafishe kila unapobadilisha oili. Intakula, kipoza hewa inayotoka kwenye tabo, na vipoza oili, kila kimoja kipate upepo wake peke yake; rota hupozwa kwa oili kutoka ndani, na oili isipite nyuzi 110. Klachi ya kiwandani haitastahimili nguvu hizi, na breki zitazamwe kabla ya siku ya kwanza.

Kuhusu petroli yenyewe, nina mashaka ya mtu aliyekwisha kuungua. Serikali huweka alama maalumu kwenye mafuta ili kuwabaini wanaochakachua, lakini mafuta ya taa kidogo tu yaliyochanganywa hushusha okteni, uwezo wa petroli wa kutolipuka mapema, na sili zako ndizo zitakazotambua kwanza. Jaza kwenye kituo kimoja chenye magari mengi. Acha pampu ya kiwandani inayopulizia oili ndani ya vyumba iendelee kufanya kazi, na juu yake ongeza oili ya injini za mipigo miwili, mililita 5 hadi 8 kwa kila lita ya petroli. Ile ya daraja la TC-W3 inayotumiwa na injini za mitumbwi, ambayo hupatikana kwa urahisi Ggaba, inafaa kwa kuwa haiachi majivu.

Kompyuta ya kiwandani haiwezi kuongoza kazi hii. Funga inayoweza kupangwa upya, yenye sensa ya mgandamizo ya angalau bar 3, sensa ya uwiano wa hewa na petroli, na kipima joto kwenye kila tundu la ekzosi. Plagi zote nne ziwe baridi, yaani zinazotoa joto haraka, za namba 9 au zaidi kwa hesabu ya NGK. Kabla ya kuwasha, ziba mdomo wa kompresa, ingiza hewa ya bar 1 kwenye mabomba na upake kila kiungo povu la sabuni ya kufulia. Panapovuja, povu litafura kama shavu. Kisha zungusha injini bila petroli wala moto mpaka oili ianze kushuka kwenye bomba la kutoa la tabo, ndipo uwashe.

Upangaji ufanyike kwenye mashine ya kupimia nguvu. Anza na msukumo wa bar 0.5. Kwenye kila rota, cheche ya plagi inayotangulia (leading) iwe nyuzi 10 hadi 12 kabla ya kilele, na ya plagi inayofuata (trailing) ije nyuzi 10 hadi 15 baadaye. Panda hatua kwa hatua hadi bar 0.9, ukisimama kila joto la ekzosi linapokaribia nyuzi 950 au tundu moja linapoliacha lingine kwa nyuzi 40, kwani tofauti hiyo huashiria nozeli iliyoziba. Usitafute farasi kumi wa mwisho kwa kusogeza cheche mbele. Na kama una mpango wa kulishusha gari hadi Mombasa, kumbuka kwamba springi ya westigeti inahesabu kutoka kwa hewa iliyopo: bar 0.9 za Kampala ni 1.78 kamili, lakini huko zitakuwa 1.91, kwa hiyo panga jedwali la petroli mpaka 2.0 ukiwa bado hapa, au punguza msukumo kabla ya kufika Mtito Andei, kati ya Nairobi na Mombasa.

Baada ya kilomita 500, ukiwa na injini baridi, kaza upya bolti za manifoldi, tikisa shafti ya tabo kwa vidole viwili uone kama inacheza, badilisha oili na uikague kwenye mwanga kama ina chembe za chuma. Pima tena mgandamizo wa vyumba vyote sita na uandike namba hizo kando ya zile za mwanzo.