Kabla ya kulipia chatu, uliza haya

Mdogo wangu wa Brussels alinipigia simu nikiwa sokoni Kadutu, natafuta ndagala. "Kaka, chatu wawili, umri mmoja, lakini huyu bei yake mara kumi ya mwenzake. Mbona?" Mimi ni fundi umeme tu hapa Bukavu, ila nimefuga kobe miaka tisa, basi nikamjibu.

Tazama rangi. Wale chatu wa Afrika Magharibi wanaojikunja kama mpira huuzwa kwa rangi ya kurithi. Albino wao walipoanza kuzalishwa Marekani mwaka 1992 walikuwa mali ya matajiri. Vizazi vikaongezeka, bei ikaporomoka. Rangi mpya isubiri. Jike naye humzidi dume bei, kwani ndiye anayetaga.

Kisha uliza kazaliwa wapi. Wa porini ni wa bei rahisi, lakini mara nyingi huja na minyoo na kugoma kula. Muuzaji amlishe mbele yako! Dai na karatasi, maana chatu wote wamo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini.

Halafu hesabu gharama ya joto analohitaji: taa, kipima joto, bili ya umeme, kwa miaka ishirini na zaidi. Kwa umeme wetu unavyokatika, mimi nabaki na kobe.