Msitu wa Usambara Hulindwa Kuanzia Shambani kwa Mama

Masika yanapoanza katika milima ya Usambara Mashariki, Mto Zigi hubeba udongo hadi bwawa la Mabayani, ambalo wakazi wa jiji la Tanga hulitegemea kwa maji. Sehemu ya udongo huo hutoka katika mashamba yaliyolimwa kwa kufuata mteremko, na kwa kuwa kupanda na kupalilia ni kazi ambayo katika kaya nyingi humwelemea mama, ushauri wa hifadhi unaoishia kwa baba mwenye shamba huwa haujamfikia mwenye jembe.

Kazi ianze na mistari ya kontua, yaani mistari inayokata mteremko kwa usawa mmoja, ambayo hupimwa kwa fremu ya fito. Funga fito mbili za mita 2 ziwe na umbo la herufi A, ziunganishe kwa fito ya tatu, kisha ning'iniza kamba yenye jiwe kutoka kileleni. Ili kupata alama ya katikati, ambayo kamba ikiigusa miguu yote miwili huwa kwenye usawa mmoja, simamisha fremu mahali pamoja, weka alama kamba inapogusa fito ya tatu, geuza miguu ya fremu, uweke alama tena. Alama ya katikati ni nusu ya nafasi iliyo kati ya alama hizo mbili. Wengi huiruka hatua hii, na mistari yao huishia kukusanya maji upande mmoja na kuchimba korongo.

Juu ya mistari hiyo pandikizwe majani ya tembo au ya guatemala. Kwa maoni yangu, mstari unaodumu ni ule unaolisha ng'ombe wa maziwa aliye bandani, kwa sababu mama anayeyakata majani yakifika kimo cha mita 1 hivi hupata maziwa na samadi, wala hana sababu ya kuyang'oa ili apande mahindi.

Iliki inahitaji tahadhari. Kuilima chini ya miti ya msituni huonekana hakudhuru, ilhali miche ya miti ya asili hufyekwa pamoja na magugu, na mavuno yakipungua mkulima husogea mbele. Afadhali pilipili manga ipandwe shambani, ikitambaa kwenye miti ya glirisidia, ambayo hurutubisha udongo na matawi yake yaliyopogolewa huwa kuni za karibu, bila safari ya msituni.

Kikwazo kikubwa ni kwamba miti huhesabiwa kuwa mali ya mume, hata kama mke ndiye aliyeimwagilia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi, na kati ya wajumbe 7 wa Baraza la Ardhi la Kijiji, 3 wanapaswa kuwa wanawake. Kwa hiyo wanandoa wakubaliane mapema juu ya mavuno ya miti, ikiwezekana ardhi iandikishwe kwa majina yote mawili, na vipando vya majani viandaliwe kabla ya Machi ili mvua za kwanza zivikute ardhini.